Edgerton, 1960: Kikombe Kilipokuwa Kimoja

Ukumbi wa Williams Arena, katika Chuo Kikuu cha Minnesota mjini Minneapolis, una kitu kisichoonekana katika viwanja vingi vya mpira wa kikapu. Sakafu yake ya mbao imeinuliwa zaidi ya nusu mita kama jukwaa, na wachezaji wa akiba hukaa chini yake. Anayeitwa kuingia mchezoni hupanda. Machi 1960 waliopanda hapo walikuwa vijana wa shule ya serikali ya Edgerton, mji wa wakulima wenye asili ya Kiholanzi ulio kusini-magharibi mwa jimbo la Minnesota, Marekani, karibu na mpaka wa South Dakota. Mji ulikuwa na watu wapatao 1,000, shule ilikuwa na wanafunzi 94, na kocha wao, Rich Olson, alikuwa kijana wa miaka 23. Katika nusu fainali ya mashindano ya shule za jimbo waliitoa Richfield, shule kubwa ya kitongoji kinachopakana na Minneapolis, kwa 63 kwa 60 baada ya muda wa nyongeza. Kisha wakaifunga shule ya mji wa Austin 72 kwa 61 katika fainali, ukumbi ukiwa na watu zaidi ya 18,000, wakamaliza msimu bila kupoteza mchezo hata mmoja.

Kisa hiki husimuliwa kama muujiza, na hapo ndipo ninapotofautiana na wasimulizi wake. Muujiza hauhitaji kanuni, ilhali ushindi wa Edgerton ulisimama juu ya kanuni iliyoandikwa. Tangu mashindano ya jimbo yaanze mwaka 1913 katika mji mdogo wa Northfield, shule za serikali ziligombea kikombe kimoja. Wakati wa Edgerton timu zilianza katika wilaya 32, zikapanda hadi kanda 8, na bingwa wa kila kanda akaenda kwenye mashindano ya jimbo, awe ametoka kwenye mashamba ya mahindi au katikati ya Minneapolis. Hakuna aliyeulizwa idadi ya wanafunzi wake. Ngazi ile ndiyo iliyoupa ushindi wa Edgerton uzito: baada ya fainali hapakubaki timu nyingine ya kusema, hamjakutana na sisi.

Najua jibu la wanaopinga, nalo si jepesi. Watasema ngazi moja ni usawa wa karatasi tu. Mwenye nguvu mpishe. Shule ya vijana 2,000 ina kundi kubwa la kuchagulia warefu na wepesi, na shule ndogo nyingi zilitolewa mapema zikasahauliwa. Wataitaja Lynd, kijiji kidogo kilichofika fainali ya 1946 na kutandikwa na Austin 63 kwa 31. Lakini miaka mingi baadaye Minnesota bado inaikumbuka Lynd, ingawa ilipoteza. Wanakijiji wale walichokithamini ni kwamba vijana wao walipimwa kwa mizani ileile ya wakubwa, hata kama mizani iliwaonyesha wepesi. Tena Edgerton haikuwa peke yake. Mji wa machimbo wa Buhl, kaskazini, ulitwaa ubingwa mwaka 1941 na 1942. Buhl, hata hivyo, inatufundisha kuwa waangalifu: kodi ya migodi ya chuma ilizipa shule za huko kumbi za michezo ambazo mkulima wa Edgerton angezitamani. Udogo na unyonge ni vitu viwili.

Kuna hoja nyingine ambayo siwezi kuikwepa. Enzi hii ya kikombe kimoja, inayoliliwa leo, haikuwa ya wote kama inavyodaiwa, kwa sababu wasichana hawakupata mashindano yao ya jimbo hadi 1974. Ngazi iliyokuwa wazi kwa kijiji ilifungwa kwa nusu ya watoto wa kijiji. Hilo ni doa, na anayeisifu kanuni ya zamani lazima aliseme. Lakini doa hilo liliondolewa kwa kuwafungulia wasichana mlango. Kuwatenga wadogo na wakubwa kulikuwa uamuzi mwingine kabisa.

Uamuzi huo ulianza kutumika 1971: madaraja mawili, vikombe viwili. Kwa miaka michache mabingwa wa madaraja hayo walikutanishwa, kisha desturi hiyo ikaachwa. Mwaka 1995 na 1996 shule zilirudishwa tena kwenye mchuano mmoja wa timu 16, na mara moja Staples-Motley, shule ya vijijini, ikafika fainali ya 1995 dhidi ya Minneapolis North. Ilishindwa, lakini ilionyesha kwamba njia bado inapitika. Kuanzia 1997 yakawa madaraja manne. Vikombe vimeongezeka, na nafurahi kila mtoto anayekibeba kimoja. Ila bingwa wa daraja la chini anarudi nyumbani bila kujua angefanya nini mbele ya Richfield. Msomaji wa Kenya ataielewa hasara hii upesi, kwani kwao shule ya kijijini huweza kupanda kutoka kaunti ndogo hadi taifa ikiwa na jina lake. Nchini Tanzania, kwenye UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, vijana huchaguliwa kuunda timu za mikoa, na jina la shule humezwa na la mkoa.

Jina ndilo ninaloliona zito kuliko yote. Mwaka 1970, katika mashindano ya mwisho ya kikombe kimoja kabla ya mgawanyo wa 1971, Sherburn, mji mwingine mdogo wa kusini, uliifunga South St. Paul 78 kwa 62. Shule ya Sherburn haipo tena peke yake. Iliunganishwa na za miji jirani, na leo inaitwa Martin County West. Lakini katika orodha ya mabingwa Sherburn bado imeandikwa, mstari mmoja kabla ya orodha hiyo kugawanyika.