Udongo wa Kilwa na joto la bahari ya kale



Juma hili tunarudia swali ambalo waamini hutuuliza mara kwa mara: ikiwa wanasayansi hubadili maneno yao kila kukicha, kwa nini tuwasadiki? Wapo hata wanaofurahi kila nadharia inapoanguka, kana kwamba aibu ya mwanafizikia ni ushindi wa Kanisa. Sisi hatuoni hivyo, na sababu yetu haiko mbali. Imo katika udongo wa Kilwa na Lindi.

Mgeni afikaye Kilwa huvuka kwenda Kisiwani kutazama magofu na msikiti mkuu. Ni nadra autazame udongo wa mfinyanzi alioukanyaga njiani. Udongo huo ulitua katika sakafu ya bahari mamilioni ya miaka iliyopita, kisha nchi ikainuka. Ndani yake mna makombe ya viumbe waitwao foraminifera, wenye chembe hai moja tu, na wengi wao hawazidi ukubwa wa punje ya mchanga.

Makombe hayo ni vipimajoto. Mwaka 1947 Harold Urey, mkemia wa Marekani, alionyesha kwamba oksijeni nyepesi na oksijeni nzito hazigawanyiki sawasawa: kiumbe ajengaye kombe lake katika maji baridi huchukua ile nzito kwa wingi zaidi kuliko ajengaye katika maji ya moto. Ukipima uwiano wa hizo mbili, waweza kukadiria joto la bahari ambayo hakuna mwanadamu aliyeiona.

Baadaye meli za utafiti zilitoboa sakafu ya bahari kuu, makombe yakapimwa, na jibu likawa fumbo. Katika kipindi kiitwacho Eosini, yapata miaka milioni 50 iliyopita, dunia ilikuwa na joto kubwa hata jamaa za mamba wakaishi Ellesmere, kisiwa cha kaskazini kabisa mwa Canada. Lakini makombe yalidai kwamba bahari za tropiki zilikuwa na nyuzi 15 hadi 23 tu za Sentigredi, yaani baridi kuliko bahari ya Lindi ya leo! Hesabu za kompyuta zilikataa. Wengine wakasema hesabu ndizo mbovu. Wengine wakadhani tropiki zina kinga yake ya asili isiyoruhusu joto kupanda. Kwetu sisi wa pwani hiyo ingekuwa faraja kubwa: hata dunia ikichemka, sisi tutasalimika.

Mwaka 2001 Paul Pearson wa Uingereza na wenzake walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya makombe yaliyotoka katika udongo wa mfinyanzi, ukiwemo wa pwani yetu. Chini ya hadubini makombe hayo yalikuwa maangavu kama kioo, wakati yale ya bahari kuu yalikuwa meupe kama chokaa. Sababu yake ni nyepesi. Kombe la bahari kuu lilizama hadi chini, na huko, katika maji ya baridi, fuwele zake zikajengeka upya taratibu. Hivyo kipimo kikachanganya joto la juu na baridi ya kilindini. Udongo wa mfinyanzi haupitishi maji, kwa hiyo kombe la Kilwa lilibaki kama lilivyozaliwa. Jibu lake lilikuwa nyuzi 28 hadi 32, au zaidi.

Kuanzia mwaka 2002 walichoronga visima vingi Kilwa na Lindi wakishirikiana na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, akiwemo mtaalamu wetu wa visukuku, Joyce Singano. Mwaka 2007 walionyesha kwamba joto hilo lilidumu karibu kipindi chote cha Eosini. (Nao walisoma tabaka kwa kanuni ileile aliyoiandika mwaka 1669 Mwenye heri Niels Stensen, aliyekuja kuwa askofu: lililo chini ndilo lililotangulia kutua.)

Tazameni sasa kilichoanguka. Fizikia ya Urey haikuanguka. Ndiyo iliyotumika kusahihisha. Kilichoanguka ni imani kwamba kila kombe lilikuwa shahidi mwaminifu. Wala watu wa kompyuta hawakushinda kesi yote, maana joto la nchani mwa dunia la wakati ule liliendelea kuwasumbua.

Ila ile kinga ya tropiki imepoteza shahidi wake mkubwa. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kawaida, matumbawe ya pwani yetu, yakiwemo ya Mafia, yalipauka na mengi yakafa. Mvuvi wa Kilwa, ambaye hajapata kusikia neno foraminifera, hutegemea samaki wakaao katika matumbawe ya namna hiyohiyo.