Mzee akianguka mara moja: Namna ya kuzuia asianguke tena kwenye nyumba za kulea wazee

Mzee anaanguka, anainuliwa, anaambiwa "pole, uwe mwangalifu", basi. Kwenye nyumba za kulea wazee, hapo ndipo anguko la pili linapoandaliwa.

Nchini Marekani, AHRQ, taasisi ya serikali inayofuatilia ubora wa huduma za afya, inasema karibu nusu ya wakazi wa nyumba hizo huanguka kila mwaka. Kati ya wanaoanguka, mmoja kati ya watatu huanguka mara mbili au zaidi ndani ya mwaka.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu 684,000 hufariki kila mwaka duniani kwa kuanguka, na waathirika wakubwa ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60.

Kwa nini huanguka tena?

Mara nyingi kilichomwangusha bado kipo: dawa ya usingizi, presha inayoshuka akisimama, au safari ya chooni usiku.

Halafu kuna hofu. Mzee anaacha kutembea, misuli inalegea, na siku akisimama miguu haimbebi.

Saa 24 za kwanza

Asiinuliwe harakaharaka. Nesi akague kwanza kichwa, shingo na nyonga.

Mwongozo wa AHRQ unataka mzee afuatiliwe kwa saa 72, kwa kuwa damu inaweza kuvuja kichwani taratibu, hasa kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Maswali yaulizwe tukio likiwa bado bichi: Alikuwa anaenda wapi? Saa ngapi? Amevaa nini miguuni? Taa ilikuwa inawaka? Kabla ya saa 24 kuisha, angalau hatua moja iwe imechukuliwa.

Tiba ifuate sababu

- Alikuwa anaenda chooni: apelekwe kwa ratiba, hasa kabla ya kulala na usiku.
- Alipata kizunguzungu: apimwe presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi ndani ya dakika 3, daktari aambiwe.
- Anatumia dawa nyingi: daktari au mfamasia azipitie upya, hasa za usingizi.
- Aliteleza: apewe viatu vinavyobana vizuri na vyenye soli isiyoteleza, sio malapa wala soksi tupu.
- Alianguka akishuka kitandani: kitanda kishushwe, breki zifungwe, na kengele na miwani viwe karibu na mkono.
- Miguu imelegea: afanye mazoezi ya nguvu na mizani pamoja na mtaalamu wa viungo.

Kumfunga sio suluhisho

Wapo wanaodhani kumfunga mzee kwenye kiti ndio usalama. Sheria ya Marekani ya mwaka 1987 inampa mkazi haki ya kutofungwa kwa ajili ya kumwadhibu au kuwarahisishia kazi wahudumu. Anayefungwa hudhoofika zaidi, na akijaribu kujinasua anaweza kuumia vibaya.

Familia iulize nini?

Ndugu wakipigiwa simu kwamba mzee ameanguka, wasiishie kuuliza "ameumia?" Waulize pia: "Ameangushwa na nini, na mmebadilisha nini tangu hapo?" Kama jibu ni "hakuna", hatari bado ipo palepale.