Gudmund Hernes

Gudmund Hernes (alizaliwa Trondheim, 25 Machi 1941) ni mwanasosholojia na mwanasiasa wa Norwei. Alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Bergen, Waziri wa Elimu, Waziri wa Afya, kisha mkurugenzi wa taasisi ya UNESCO mjini Paris. Ni miongoni mwa wasomi wachache waliochunguza mamlaka ya dola kwa miaka mingi, kisha wakakabidhiwa sehemu yake.

Usomi

Hernes alipata shahada ya uzamivu mwaka 1971 katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, alikofundishwa na mwanasosholojia James Coleman. Aliporudi Bergen, aliongoza Uchunguzi wa Mamlaka, utafiti mkubwa ulioanzishwa na serikali mwaka 1972 ili kubaini ni nani hasa mwenye uwezo wa kuamua mambo nchini. Mwanasayansi ya siasa Johan P. Olsen alikuwa miongoni mwa wenzake. Ripoti ya mwisho ilitolewa mwaka 1982.

Utafiti huo ulionyesha kwamba maamuzi mengi hayakutoka bungeni peke yake. Yalifikiwa katika majadiliano kati ya wizara, vyama vya wafanyakazi, waajiri, wakulima na wavuvi. Hernes alieleza pia jinsi vyombo vya habari vinavyowalazimisha wanasiasa kufupisha na kukuza mambo ili wasikike.

Waziri wa Elimu

Akiwa mwanachama wa Chama cha Wafanyakazi, alishika wadhifa wa kisiasa chini ya waziri katika masuala ya mipango mwaka 1980–1981. Mwaka 1988 kamati aliyoiongoza ilitoa ripoti kuhusu elimu ya juu, ikitaka viwango vipandishwe na vyuo vishirikiane. Miaka miwili baadaye Waziri Mkuu Gro Harlem Brundtland alimpa wizara ambayo ingeyatekeleza mapendekezo hayo.

Mageuzi yaliyofuata yaligusa ngazi zote. Mwaka 1994 vyuo 98 vya mikoa viliunganishwa kuwa 26. Mwaka huohuo vijana wote wa miaka 16 hadi 19 walipewa haki ya kusoma sekondari ya juu kwa miaka mitatu, na michepuo ya mwaka wa kwanza, iliyozidi 100, ikapunguzwa hadi 13. Kwa fani za ufundi, utaratibu wa kawaida ukawa miaka miwili shuleni na miwili ya uanagenzi kazini. Mageuzi ya 1997, yaliyoandaliwa wakati wake, yaliwaingiza watoto shuleni wakiwa na miaka sita badala ya saba na kurefusha elimu ya lazima kutoka miaka 9 hadi 10.

Sehemu ya jumla ya mtaala, iliyotolewa mwaka 1993 na kubeba fikra zake kwa kiasi kikubwa, ilisisitiza kwamba watoto wa matabaka yote wapate hazina moja ya maarifa. Ilitumika hadi mwaka 2020.

Afya na UNESCO

Alikuwa Waziri wa Afya kuanzia mwishoni mwa 1995 hadi 1997. Katika kipindi hicho sehemu ya fedha za hospitali ilianza kutolewa kulingana na idadi na aina ya wagonjwa waliotibiwa.

Kati ya 1999 na 2005 aliongoza Taasisi ya Kimataifa ya Mipango ya Elimu ya UNESCO. Taasisi hiyo ilizisaidia wizara za kusini na mashariki mwa Afrika, zikiwemo za Kenya, Uganda, Tanzania Bara na Zanzibar, kupima uwezo wa wanafunzi wa darasa la sita katika kusoma na hisabati. Hernes aliratibu pia kazi za UNESCO kuhusu UKIMWI, akihimiza mipango ya elimu izingatie walimu wanaougua na watoto wanaofiwa na wazazi.

Tathmini

Wakosoaji walimlaumu kwa kuendesha mageuzi kwa kasi na kwa amri kutoka juu, na kwa kuzijaza nadharia fani za ufundi hata vijana waliopenda kazi za mikono wakachoka. Lawama hiyo ina uzito, na serikali zilizofuata zimeirekebisha mitaala. Hata hivyo, haki ya kila kijana kusoma sekondari ya juu na miaka 10 ya elimu ya lazima vimedumu chini ya serikali za kulia na za kushoto. Kwa mtoto wa kijiji cha mbali asiye na wazazi wasomi, huo ndio mchango mkubwa zaidi wa Hernes.