Bati, Mvua na Koo la Mwalimu

Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu, mji uliokuwa ukiitwa Port Florence, mwezi wa Desemba 1901. Tangu hapo mizigo mizito iliweza kufika ziwani upesi, na miongoni mwake ni mabati. Zamani nyumba za kando ya Ziwa Viktoria ziliezekwa kwa nyasi. Nyasi huoza, huvuja, tena hushika moto; lakini zilikuwa na sifa moja isiyokumbukwa na mtu zilipoachwa: mvua ikinyesha juu yake, walio ndani huendelea kuzungumza.

Katika shule za mwanzo, kama ile ya Maseno iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1906, wanafunzi walikuwa wachache. Baadaye shule zikaenea vijijini, na wazazi wakachangishana fedha ili watoto wao wasome chini ya bati. Nani awalaumu? Bati lilikuwa dalili ya maendeleo. Lakini mvua za huko mara nyingi huja alasiri, zikiandamana na radi, na matone yapigapo bati lisilo na dari, utadhani mtu anamwaga kokoto. Hapo mwalimu hana budi kuchagua: anyamaze, au apige kelele.

Wengi walipiga kelele, wala si kwa kupenda. Mwaka 1911 tabibu Mfaransa, Étienne Lombard, alieleza kwamba mtu azungukwapo na makelele hupaza sauti bila kujijua. Na wanafunzi nao ni watu: wao pia hupaza.

Kisha idadi ikazidi. Mwaka 1974 karo ilifutwa kwa madarasa manne ya kwanza. Na mwaka 2003, ilipofutwa katika shule zote za msingi za serikali, wanafunzi nchini waliongezeka kutoka milioni 5.9 hivi hadi milioni 7.2. Vyumba havikuongezeka kwa kadiri hiyo.

Ndani ya koo mna nyuzi mbili za sauti, ambazo mwanamke asemapo hugongana mara 200 hivi kwa sekunde moja. Zikilazimishwa kila siku huvimba, pengine huota vinundu, na sauti ikakwaruza. Fundi akivunjika mkono kazini, kila mtu humwita majeruhi. Mwalimu akipotewa na sauti hupewa chai ya tangawizi na kuambiwa ni baridi. Dawa ya kwanza ni kuipumzisha sauti. Lakini mwalimu mwenye watoto 80 akinyamaza siku tatu, ni nani atakayemshikia darasa?