Sanduku Litakiwalo Kunyamaza

Mbao za udi huimba pamoja na nyuzi zake, na mzinga wa ngoma hunguruma pamoja na ngozi yake. Fundi wa ala hizo husifiwa kwa kuupa mti ulimi. Sanduku la kipaza sauti lina sheria iliyo kinyume: mti wake hutakiwa kunyamaza, ili sauti ya mwimbaji aliye mbali ipite bila ya kuongezwa wala kupunguzwa. Historia ya watu waliojitengenezea masanduku hayo majumbani mwao ni historia ya kujifunza ukimya huo, na mwalimu wao mkubwa alikuwa uhaba.

Kipaza sauti cha namna itumikayo hata leo kilielezwa mwaka 1925 na Chester Rice na Edward Kellogg, wahandisi wa kampuni ya General Electric ya Marekani. Waya uliozungushwa huwekwa ndani ya nguvu ya sumaku. Umeme wa muziki upitapo, waya hutikisika na kuitikisa karatasi ngumu yenye umbo la pia iliyoshikamana nao. Karatasi husukuma hewa ya mbele, na wakati uo huo huivuta hewa ya nyuma. Wimbi la sauti nene ya mitetemo 50 kwa sekunde lina urefu wa karibu mita 7. Wimbi refu kiasi hicho huzunguka ukingo wa kipaza bila taabu. La nyuma hukutana na la mbele, na yote mawili hufishana. Kwa hiyo kipaza kisicho na sanduku hutoa sauti nyembamba, hata kingekuwa cha thamani kubwa. Sanduku, basi, si pambo. Ni nusu ya chombo. Mwaka 1932 Albert Thuras wa Marekani alipewa hataza ya sanduku lenye tundu lililopimwa, ambalo liligeuza wimbi la nyuma kutoka adui likawa msaidizi wa sauti nene.

Elimu hii ilipata wanafunzi wengi Uingereza baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945. Mbao zilikuwa chini ya amri ya serikali, fedha zilikuwa haba, na vyombo vilivyokwisha kutengenezwa vilitozwa kodi nzito. Mpenda muziki wa kipato kidogo alikuwa na njia mbili: kukaa bila ya muziki mwema, au kununua kipaza kitupu na kulijenga sanduku kwa mikono yake. Wengi walishika njia ya pili. Jarida la Wireless World, lililochapisha mwaka 1947 mchoro wa kikuza sauti cha D. T. N. Williamson, lilisomwa mezani penye msumeno na gundi.

Mtu aliyewafaa sana wajenzi hao alikuwa Gilbert Briggs wa Yorkshire. Alikuwa katika biashara ya nguo kabla ya kuanza kutengeneza vipaza, mwaka 1932, katika chumba cha chini ya nyumba yake. Kampuni yake akaiita Wharfedale, kwa jina la bonde alilokaa. Mwaka 1948 alitoa kitabu juu ya vipaza sauti kilichoandikwa kwa lugha ya watu wa kawaida. Alifundisha kwamba ubao mwembamba hutetemeka na kusema maneno yasiyokuwamo katika muziki. Dawa yake ilikuwa nyepesi: mbao mbili za tabaka zenye mchanga mkavu katikati, au pembe ya chumba iliyozibwa kwa matofali. Mchanga na tofali, vitu visivyo na heshima sebuleni, viliweza kazi ambayo mbao za fahari zilishindwa.

Dai hilo lilipewa mtihani mbele ya watu mwaka 1954, katika ukumbi wa Royal Festival Hall mjini London. Wanamuziki walipiga jukwaani, kisha sauti zao zilizonaswa zikatolewa kwa vipaza vya Briggs, ili wasikilizaji walinganishe kwa masikio yao. Angaliweza kuaibika mbele ya umati. Alikubali hatari hiyo, kwa kuwa sifa ya chombo isiyopimwa ni maneno tu.

Mwaka 1958 santuri za stirio, wazo ambalo Alan Blumlein aliliombea hataza mwaka 1931, zilianza kuuzwa Uingereza. Kipaza kimoja hakikutosha tena. Vilitakiwa viwili, vilivyo sawa kama mapacha, kwani pacha mmoja akitofautiana na mwenzake waimbaji husikika wamehama mahali pao. Aliyejenga sanduku moja kubwa la matofali alijikuta hana pembe ya pili. Msaada ulikuwa umekwisha kutokea Marekani mwaka 1954, pale Edgar Villchur alipoonyesha sanduku dogo lililozibwa kabisa, ambamo hewa iliyofungwa hutumika kama springi ya karatasi. Masanduku mawili yakaweza kukaa juu ya rafu.

Lakini kupima kulikuwa bado ni kubahatisha. Mwaka 1961 Neville Thiele wa Australia alieleza hesabu za sanduku lenye tundu, na katika miaka ya 1970 Richard Small akazikamilisha. Tangu hapo mjenzi aliweza kujua ukubwa wa sanduku kwa kalamu kabla ya kukata ubao wa kwanza.

Hesabu hizo hazikuondoa kazi ya mkono. Kiungo kikivuja hewa, kanuni haikisamehi. Ubavu ukiitika ugongwapo kwa kidole, utaitika pia katika kila wimbo. Mjenzi wa nyumbani hapati sifa kwa sauti aliyoitia katika mti, bali kwa ile aliyoizuia. Akifanikiwa, msikilizaji hulisahau sanduku na mjenzi wake pamoja, akamkumbuka mwimbaji peke yake.