Susu Yangu Hali Chakula cha Makindu

Kila mtu ambaye ameenda Mombasa kwa barabara anajua Makindu. Unaegesha gari kwa hekalu la Makalasinga, unavua viatu, unafunika kichwa, unapewa chapati, ndengu na chai, bure kabisa, na hakuna anayekuuliza wewe ni kabila gani. Hekalu lenyewe lilijengwa 1926 na Makalasinga waliokuwa wakifanya kazi ya reli. Sisi wote hushuka tukala. Susu, nyanya yangu mzaa mama, hubaki kwa gari. Husema hana njaa.

Nilikuwa na miaka 17 ndio mathe akaniambia sababu. Babake susu alikuwa Kalasinga, fundi wa reli. Mamake alikuwa msichana wa Kikamba aliyeuza maziwa karibu na stesheni. Mtoto akazaliwa, jamaa akahamishwa kituo, stori ikaishia hapo. Picha hatuna. Hata jina hatuna, kwa sababu kwa kitambulisho cha susu, mahali pa baba waliandika mjomba wake.

Sasa wasee, nilipoacha chuo (hiyo nitaieleza siku nyingine) nilikuwa na muda mwingi wa kusoma, nikakutana na The Gunny Sack, riwaya ya M.G. Vassanji ya 1989. Vassanji alizaliwa Nairobi 1950 akalelewa Dar es Salaam. Kwa hicho kitabu kuna mfanyabiashara Mhindi, Dhanji Govindji, anayezaa na mtumwa Mwafrika aitwaye Bibi Taratibu. Baadaye anaoa mke wa Kihindi, na Bibi Taratibu anawekwa kando. Mtoto wao, Huseni, anatoroka nyumbani. Basi huyo mzee anaanza kumtafuta, anamaliza mali yake, anaingilia hadi pesa za jamii yake.

Nilifunga kitabu nikakaa tu. Kwetu hakuna aliyetafutwa.

Nikaendelea kusoma. Abdulrazak Gurnah, yule wa Nobel ya 2021, ana Desertion ya 2005. Rehana, binti wa Mhindi na mama wa pwani, anapendana na Mwingereza mwaka 1899, na miaka mingi baadaye ni mjukuu wake anayekataliwa na familia ya mpenzi wake kwa sababu ya nyanya. Mjukuu! Unaona hiyo hesabu? Waandishi wetu wanajua mtoto wa damu mbili yuko kwenye shina la hadithi, lakini wakishamweka pale, ama anapotea ama kizazi chake kinalipa deni.

Shuleni ni vibaya zaidi, hayuko kabisa. Kati ya 1896 na 1901, Waingereza walileta wafanyakazi kama 32,000 kutoka India kujenga reli, na karibu 6,700 wakabaki. Wengi walikuja wanaume watupu. Tulifundishwa simba wa Tsavo waliokula hao watu, tukachora na picha za simba. Watoto waliozaa nao hapa, hata sentensi moja. Kwani walidhani walikuwa wanalala na reli?

Naandika hii nikiwa Lavington. Mkoloni aliigawa Nairobi kwa rangi: upande huu wetu wa miti mingi ulikuwa wa Wazungu, Wahindi wakawa Ngara na Parklands, Waafrika wakasukumwa Pumwani na Kaloleni. Ramani ya rangi tatu. Susu wangemweka wapi?

Kuna watu walishapitia kitu kama hiki wakafanya tofauti. Vita vya Mexico na Marekani vilipoisha 1848, Mexico ilipoteza karibu nusu ya ardhi yake, na watu waliokuwa wakiishi huko wakajikuta Marekani bila kuhama hata hatua moja. Wajukuu wao waliitwa Chicano, na lilikuwa tusi. Miaka ya 1960 vijana wakalichukua lile tusi wakalivaa. Mwaka 1987 Gloria Anzaldúa, mzaliwa wa Texas, akatoa Borderlands/La Frontera, Kihispania na Kiingereza kwa ukurasa mmoja, bila kuomba mtu radhi. Sisi wa Sheng tunamwelewa bila mkalimani.

Na sisi tuna neno gani? Chotara na pointi faivu. Moja ni tusi, nyingine ni hesabu. Sijui kama chotara linaweza kuvaliwa. Nimejaribu kujiita hivyo mbele ya kioo, na bado linachoma, na mimi hata damu yenyewe ni ya mbali.

Mwaka 2017 serikali ilitangaza Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Mathe akamtania susu, sasa una makabila mawili. Susu akauliza kama wanahesabu na miaka ya nyuma, akarudi kuchambua mboga.

Desemba tunaenda tena pwani. Nimemwambia nitakaa naye kwa gari wengine wakila, na nitabeba kalamu, aniambie chochote alichowahi kusikia juu ya yule fundi, hata kama ni rangi ya kilemba. Amesema atafikiria. Halafu, nikiwa tayari mlangoni, akaniita akauliza zile chapati zao huwa na samli ama mafuta.