Madaftari ya Binamu

Marehemu binamu yangu, mtoto wa shangazi, alikuwa fundi wa mitumbwi hapa Nansio, na shule yake iliishia darasa la nne. Mtihani ule tuliufanya siku moja, tumeketi dawati moja. Mimi nikavuka, yeye akabaki. Nilikwenda mpaka Chuo cha Ualimu Butimba, na niliporudi na cheti changu nilimkuta anajua kupasua mbao, kuunga mbavu za mtumbwi na kukalafati nyufa kwa pamba. Aliniita Mwalimu tangu siku hiyo, na kwa kuwa sisi ni watani sikupata kujua kama ni heshima au kejeli.

Kilichotukutanisha zaidi uzeeni kilikuwa kitabu cha Aniceti Kitereza, Mkerewe mwenzetu. Kitereza alizaliwa mwaka 1896. Alisomeshwa misheni ya Kagunguli angali mtoto, kisha seminari ya Rubya upande wa Bukoba, akajua Kilatini, Kijerumani na lugha nyingine ambazo kisiwani hakuwa na wa kuzungumza naye isipokuwa mapadre. Elimu hiyo yote aliirudisha nyumbani. Aliandika kwa Kikerewe riwaya ndefu juu ya maisha ya wazee kabla ya kuja wageni, akaimaliza mwaka 1945.

Hapo ndipo ilipoanza safari ambayo binamu hakuchoka kuisimulia. Nani angechapa kitabu kinene cha lugha ya watu wachache? Miaka ikapita. Mzee akakaa chini akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa. Tanzania Publishing House wakakitoa mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Kitereza akafariki mwaka 1981, nakala hazijamfikia mkononi. Miaka 35 na zaidi ya kungoja, na hakukishika.

Nilikisoma kwanza kama mwalimu, yaani vibaya. Nilitafuta maudhui, nikapiga mistari, nikalalamika kwamba kinakwenda polepole mno. Myombekere anamfuata mkewe ukweni, naye mwandishi anatueleza utengenezaji wa pombe ya ndizi kana kwamba tunataka kuinywa jioni ile. Nikampa binamu. Alikaa nacho miezi mitatu, akakirudisha kimejaa vumbi la mbao.

"Mwalimu," akasema, "huyu mzee hakuandika hadithi. Ameandika namna ya kufanya. Ukipotea wewe na mimi, mtu akikisoma atajua kupika pombe hiyo."

Hata majina aliyaelewa kuliko mimi. Ntulanalwo ni kama kusema "nakaa nacho", na kinachokaliwa nacho ni kifo. Bulihwali ni "utakwisha lini", maana yake ule uchungu. Ni majina ya wazazi waliongoja mtoto kwa muda mrefu na hawakuthubutu kufurahi kwa sauti. Kitereza na mkewe Anna Katura hawakubaki na mtoto. Mimi nilikuwa nimeyafundisha majina hayo darasani bila kusimama.

Malalamiko ya binamu yalikuwa moja tu, kwamba mitumbwi haikutosha humo. Kwa fundi haiwezi kutosha.

Mwaka 2016 alikuja nyumbani na madaftari matatu makubwa, yamefungwa kwa kamba ya nyavu. Alikuwa ameandika kwa Kikerewe na Kiswahili kila alichojua: miti na kazi ya kila mti, sehemu za mtumbwi, pepo za ziwa, samaki waliokuwapo kabla ya sangara kuwamaliza. Akaniomba niyasome na kusahihisha kwa kalamu nyekundu. Nikasema baada ya mavuno. Baada ya mavuno nikasema baada ya kutibiwa macho Mwanza. Nilikuwa mstaafu, ndugu msomaji; sikuwa na shughuli yoyote. Nadhani niliogopa imla ya mtu wa darasa la nne, au niliogopa kukuta ndani yake mambo ambayo msomi wa ukoo hakuyajua.

Kila tulipokutana gatini akingoja mzigo wa misumari kutoka Mwanza, aliniuliza. Mara ya mwisho hakuuliza. Alicheka tu, akasema, "Mwalimu, usinifanye Kitereza."

Alifariki mwaka 2019. Nililipa mchango, nikaketi chini ya mwembe pamoja na wafiwa, na nilipoombwa kusema historia ya marehemu niliisema vizuri, kama kawaida yangu. Madaftari sikuyataja.

Niliyafungua siku ya arobaini. Imla ilikuwa na makosa, lakini si mengi. Alikuwa ameandika kurasa za kulia peke yake. Zile za kushoto, kutoka mwanzo hadi mwisho wa madaftari yote matatu, aliziacha tupu, na juu ya kila moja kuna neno moja la penseli: Mwalimu.

Sasa ninanakili. Nimefika daftari la pili, kwenye mbao za ubavuni. Kuna jina la ubao mmoja ambalo silijui. Nimewauliza mafundi wa Nansio, nikavuka hadi Ukara kuuliza, na wao hawalijui. Ukurasa wa kushoto wa hapo bado ni mtupu.